Padri Aliyeomba Kukaa na Watu



Mwezi huu tuzungumze juu ya mtu tunayemwona karibu kila wiki lakini maisha yake hatuyajui sana, yaani paroko. Huku kwetu Meru ndugu Walutheri ni wengi, na wasomaji wa ukurasa huu mnatoka makanisa mbalimbali. Lakini msiba ukitokea hapa Kikwe tunakaa turubai moja, na paroko tunamjua sote. Wewe ambaye kwenu ni mchungaji, weka neno mchungaji mahali pa paroko. Mambo ni yale yale.

Mwulize mama yeyote kazi ya paroko. Atakuambia: kusoma Misa, kubatiza, kufungisha ndoa, kuzika. Kisha ataongeza kwamba anajenga. Na kweli anajenga! Jumapili ana Misa parokiani na nyingine kigangoni. Jumatatu ni mafundi, bati na saruji. Jumanne ni kikao cha shule, Jumatano hesabu za zahanati, Alhamisi harambee, Ijumaa mazishi, Jumamosi ndoa. Sasa mgonjwa anayetamani kuongea naye nusu saa tu amweke siku gani? Na mama ambaye ndoa yake inawaka moto ndani kwa ndani, aende lini?

Swali hili si la leo. Liliulizwa zamani, tena katika jimbo letu hili hili la Arusha, na padri mmoja ambaye habari zake zinafaa zijulikane na kila mama.

Aliitwa Padri Vincent Donovan, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, wale wamisionari waliofika Bagamoyo mwaka 1868. Jimbo la Arusha lilipoanzishwa mwaka 1963, na Askofu Dennis Durning akawa askofu wake wa kwanza, mapadri wa shirika hilo ndio waliokuwa wakihudumia sehemu kubwa ya Umasaini. Padri Donovan alipangiwa misioni ya Loliondo, mbali kabisa upande wa mpaka wa Kenya.

Misioni ile ilikuwa na sifa nzuri. Ilikuwa na umri wa miaka saba, ina shule nne na hospitali ndogo, na mapadri walikaribishwa vizuri kwenye maboma. Lakini Mei 1966 Padri Donovan alikaa akamwandikia askofu wake barua ya ukweli. Alisema kwamba kwa miaka yote saba watu wameongea na mapadri habari za shule, dawa na ng'ombe, lakini habari za Mungu hazijaguswa. Mmasai mtu mzima aliyekuwa Mkristo kwa kazi ya misioni ile hakuwepo. Waliokuwa wakisali walikuwa katekista na mhudumu wa hospitali, nao walitoka sehemu nyingine za Umasaini. Akaomba ruhusa aache shughuli hizo zote, aende bomani akae na watu na kuzungumza nao habari za Mungu tu.

Sisi wauguzi habari hii inatugusa mahali penyewe. Hospitali ilikuwepo, sindano zilichomwa, watoto walipona, na kazi hiyo ilikuwa njema. Hakuna mama aliyebeba mtoto wa homa usiku atakayesema zahanati si kitu. Lakini tunajua pia mambo ya kliniki. Mama mjamzito anakuja, tunampima presha, tunampa chanjo ya pepopunda na vidonge vya kuongeza damu, tunaandika kwenye kadi, haya, mwingine! Mama yule anarudi nyumbani na donda lake la moyoni, kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Kuhudumiwa ni jambo moja, kusikilizwa ni jambo jingine. Hilo ndilo Padri Donovan aliliona.

Basi akaenda. Kila boma alilipangia siku yake katika wiki, akafika asubuhi, akakaa chini na wazee, wanawake na watoto. Alipomweleza mzee mmoja aitwaye Ndangoya kwamba sasa amekuja kuzungumza habari za Mungu, mzee akamwuliza: Kama hilo ndilo lililokuleta kwetu, mbona umengoja siku zote hizo bila kutuambia? Jamani, swali hilo linafaa kila mtumishi wa kanisa ajiulize.

Mwaka mmoja baadaye ukafika wakati wa ubatizo. Padri akaanza kuchambua watu. Huyu hakuhudhuria vizuri, huyu hakuelewa, yule imani yake ni ndogo, hawa wangoje. Mzee Ndangoya akamzuia. Akamweleza kuwa siku ambazo padri hayupo, wao walikuwa wakizungumza mafundisho yale usiku kando ya moto. Wavivu walisaidiwa na wenye bidii, na wazito wa kuelewa walisaidiwa na wepesi. Yeye mzee amewasemea wote kwamba wanaamini. Kwa nini basi padri awatenganishe? Padri aliyekuja kufundisha akafundishwa, akawabatiza wote pamoja. Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na safari hii hata mgeni alipona.

Lipo na jambo la wanawake. Kwa desturi ya Wamasai wa wakati ule, wanaume hawakula mbele ya wanawake. Sasa meza ya Bwana ingekuwaje? Padri aliwaeleza kwamba mbele ya Kristo mwanamume na mwanamke ni sawa, wote wanakula mkate mmoja. Wazee lilikuwa gumu kwao. Lakini wasichana walimnong'oneza padri kwamba habari njema anayoihubiri kwao ni habari njema kweli kweli.

Tena kwa Wamasai jani bichi la nyasi ni alama ya amani. Siku ya Misa nyasi zilipitishwa mkono kwa mkono, nyumba kwa nyumba. Akipatikana mtu anayekataa kupokea amani ya jirani yake, Misa haikuadhimishwa siku hiyo. Hebu tujiulize, hapa kwetu Misa zingebaki ngapi?

Habari hizi Padri Donovan aliziandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1978, na mapadri na wachungaji wa nchi nyingi wamekisoma. Yeye alifariki mwaka 2000. Siku hizi Arusha ni Jimbo Kuu, tangu 1999, na mapadri ni watoto wetu wenyewe, waliozaliwa na akina mama kama sisi. Je, tuwasaidieje wapate nafasi ya kukaa na watu? Tunashauri haya.

Kwanza, tumpunguzie mizigo isiyo yake. Kuhesabu mifuko ya saruji na kukimbizana na fundi kunaweza kufanywa na waumini, wanawake kwa wanaume. Wanawake Wakatoliki wana chama chao, WAWATA, tangu 1972, nasi tumeona akina mama wakisimamia fedha bila shilingi kupotea.

Pili, jumuiya zetu ndogo ndogo ziwe ule moto wa usiku wa Mzee Ndangoya. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976, wakitaka kanisa liishi kati ya majirani. Mgonjwa atembelewe na jumuiya kwanza, mzito asaidiwe na mwepesi, na paroko apewe habari mapema, mgonjwa angali anaweza kuongea. Mara nyingi tunamwita padri mgonjwa akiwa amekwisha kata kauli.

Tatu, tumtazame na yeye kama mwili wenye damu. Hana mke wa kumwambia, baba leo hujalala. Akitembelea nyumba tano, katika kila nyumba anapewa sahani ya machalari, bakuli la loshoro na soda mbili, na asipokula tunanuna! Jamani, tutamwua kwa upendo. Maji ya kunywa na tunda vinatosha kumkirimu mgeni. Tumhimize apime presha na sukari kila mara, hasa akivuka miaka arobaini.

Nne, tuchunge ulimi. Padri akikaa na mama mwenye shida mahali pa wazi akamsikiliza, tusianze kuchonga. Maneno yetu ndiyo yanayomfanya ajifiche nyuma ya matofali, maana matofali hayasengenywi.

Kengele, bati na madirisha ya kanisa vinapendeza, nasi tutaendelea kuvichangia. Lakini mwisho wa siku mama anataka mtu wa Mungu atakayekaa naye kwenye kigoda amwulize, unaendeleaje? Tuwaombee maparoko na wachungaji wetu, nasi tuwape nafasi ya kuuliza hivyo.

Hadi mwezi ujao, Mungu azibariki nyumba zenu.