Tovuti ya ruzuku ipangwe kwa ajili ya mwombaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kero ambayo naamini si yetu peke yetu. Mimi ni mwalimu mstaafu na katibu wa kikundi cha wafuga nyuki wilayani Sikonge, mkoani Tabora. Tuko wanachama 18, na 11 kati yetu ni wanawake. Wengi bado tunatumia mizinga ya magome, na kila mzinga wa gome maana yake ni mti uliochunwa ukakauka. Ndiyo maana mwaka jana tuliomba ruzuku kwenye mfuko mmoja wa umma, tupate mizinga ya mbao na mashine ya kukamulia asali. Ombi letu lilirudishwa bila kusomwa. Sababu iliyoandikwa ni kwamba tulijaza fomu ya zamani.

Fomu hiyo tuliitoa kwenye tovuti ya mfuko wenyewe.

Siku tulipoitoa nilikuwa mjini na mhazini wetu, tumekaa steshenari, kijana wa pale akatufungulia tovuti. Ukurasa wa kwanza ulijaa picha za viongozi wakiwa kwenye hafla, kisha dira, dhima na muundo wa taasisi. Juu ilipangwa orodha ya kurugenzi na vitengo. Sasa mtu anayetafuta ruzuku ya mizinga aingie wapi? Mipango? Huduma za kitaalamu? Fedha? Tulizunguka kote huko. Fomu tuliikuta mwisho kabisa kwenye machapisho, chini ya ripoti za mwaka na vipeperushi vya maonesho ya Nane Nane. Zilikuwa fomu tatu zenye kichwa kilekile, na hakuna iliyoandikwa tarehe. Tukapakua ya juu, tukiamini ya juu ndiyo mpya. Zilitoka kurasa 14 zilizoskaniwa kutoka kwenye karatasi, mbili zimelala ubavu, maandishi yamefifia kiasi kwamba namba ya akaunti ilibidi tuiandikie pembeni. Tukalipa tukaondoka.

Mwongozo wa kujaza fomu ulikuwa Kiingereza kitupu. Nimefundisha miaka 30, lakini sehemu inayohusu mchango wa kikundi niliisoma mara tatu. Kwenye kikao nikawa nasoma sentensi, natafsiri, wenzangu wanasikiliza. Mama mmoja, anayewajua nyuki kuliko sisi sote, akaniuliza: "Mwalimu, hapo wanataka fedha taslimu, au hata siku zetu za kazi porini zinahesabika?" Sikuwa na jibu. Tulipiga simu iliyoandikwa kwenye tovuti siku mbili mfululizo, haikupokelewa. Tukajaza kwa kukisia.

Barua ya kukataliwa ilipofika ndipo tulipotafuta upya na kugundua kwamba fomu mpya ilikuwepo muda wote. Iliambatanishwa na tangazo la dirisha la maombi, kwenye ukurasa mwingine kabisa, katikati ya zabuni na wito wa usaili wa kazi. Mwongozo wa Kiswahili nao ulikuwa hapohapo. Kwa hiyo sisemi maofisa hawakufanya kazi. Waliandika, wakatafsiri, wakatangaza. Kazi yao nzuri ikawekwa mahali ambapo mwombaji hawezi kuiona.

Ndugu Mhariri, kosa ninaloliona ni la mpangilio. Tovuti ile imepangwa jinsi vyumba vya ofisi vilivyofuatana kwenye korido, kana kwamba kila Mtanzania ameshawahi kupita kwenye korido hiyo. Mwombaji hajui kurugenzi. Anachojua ni haja yake: kikundi chetu kinastahili? Kiasi gani? Mwisho lini? Niambatanishe nini, na mihuri ya nani? Nikituma, nitajibiwa baada ya muda gani?

Kupanga tovuti kwa kufuata haja hiyo kunawezekana, tena hapahapa nchini. Matokeo ya Baraza la Mitihani yakitoka, mzazi wa kijijini kwetu huyatafuta kwa simu ya mkononi: anachagua mtihani, mwaka, shule, anaangalia namba ya mtoto wake. Hakuna anayemtaka aijue kwanza idara iliyosahihisha.

Mfuko ufanye hivyohivyo. Uwepo ukurasa mmoja wa waombaji, unaofunguka tangu ukurasa wa kwanza, ulioandikwa kwa Kiswahili, kwa maandishi ya kawaida ambayo simu ndogo inayafungua bila kumaliza bando. Tarehe ya mwisho ikae juu kabisa. Fomu iwe moja tu, yenye mwaka wake, na dirisha likifungwa liandikwe kuwa limefungwa. Lile swali la mchango lijibiwe kwa mfano wa kikundi kama chetu, maana naamini limewakwamisha wengi. Na kabla ukurasa haujatolewa, ofisa mmoja aje akae na kikundi chochote, awape simu, awaangalie wakitafuta fomu bila kuwasaidia. Pale watakapokwama ndipo pa kurekebisha. Asubuhi moja ya namna hiyo itamfundisha mengi kuliko warsha ya siku tatu hotelini.

Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, na mwaka 2021 likakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Lakini taarifa ikiwepo na mlengwa asiifikie, kwake ni sawa na haipo. Ruzuku hizi ni fedha za umma, na zinapotolewa kwa namna hii zinawaendea wenye watu mjini wa kuwaelekeza, hata kama hakuna aliyekusudia hivyo. Sisi tulipoteza msimu mzima, na miti mingine imechunwa.

Tutaomba tena. Nimeangalia jana: fomu zote tatu bado ziko palepale. Nawaomba wahusika waanze kwa kuzifuta hizo, waweke mpya mahali pake. Hiyo ni kazi ya nusu saa na haingoji bajeti.

Katibu wa kikundi cha wafuga nyuki,
Sikonge, Tabora.