Ufundi peke yake hautoshi Kasulu na Kibondo

Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki. Mwenyekiti wake, Thomas Jesse Jones, aliwahi kufundisha Hampton, chuo cha Wamarekani Weusi huko Virginia, na ushauri wake ulikuwa kwamba Mwafrika afunzwe kwa mtindo wa Hampton na Tuskegee: kilimo, useremala, uashi, afya ya kijiji. Waingereza waliupokea kwa mikono miwili, maana haukuwadai mwanasheria wala mhandisi mweusi. Waha, wenyeji wa Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma, hata huo ufundi hawakupewa vya kutosha. Vijana wao walisombwa kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Ninayarejea haya kwa sababu hoja ile bado tunaisikia: wilaya za wakulima wa maharage na mihogo zitosheke na vyuo vya ufundi vya VETA na vyuo vya ualimu.

Historia ya vyuo vya Weusi wenyewe inaikataa hoja hiyo. Tuskegee, iliyoanzishwa mwaka 1881 chini ya Booker T. Washington, wanafunzi wakifyatua matofali ya majengo yao, leo ni chuo kikuu kinachotoa wahandisi na madaktari wa mifugo. W.E.B. Du Bois, aliyesoma Fisk, alimpinga Washington waziwazi: watu wasio na wasomi wao watatetewa na nani? Jibu lilitoka Chuo Kikuu cha Howard. Thurgood Marshall alihitimu sheria hapo mwaka 1933, na mwaka 1954 akashinda kesi iliyoharamisha ubaguzi katika shule za umma Marekani. Lincoln, huko Pennsylvania, iliwasomesha Azikiwe wa Nigeria na Nkrumah wa Ghana. Na vingi kati ya vyuo hivi vilianza vikiwa vidogo, vikiandaa walimu, kama vifanyavyo leo vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga.

Watasema fedha za kuanzisha chuo kikuu huku kwetu hazipo. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, kabla hata ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 20. Watasema Chuo Kikuu cha Muhimbili kinajenga kampasi Kigoma mjini. Ni neema kubwa, lakini ni ya afya, nayo iko kando ya ziwa, mbali na mashamba ya Kibondo. Wengine wataogopa kwamba chuo cha Uha kitaleta ukabila, na hofu hiyo naiheshimu. Lakini Howard, iliyoanzishwa kwa ajili ya walionyimwa, haikumfungia mlango Mzungu, na wanafunzi wake wa kwanza kabisa walikuwa mabinti wa Kizungu. Basi kianze kitivo kimoja Kasulu, cha kilimo na ualimu, chenye maabara ya kuchunguza magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia yanayoharibu mihogo ya wilaya hizi, na kidahili Mtanzania yeyote mwenye sifa.