Kuuona mkono si kuielewa ishara

Wahenga walinena kwamba akufukuzaye hakwambii toka. Huitazama saa yake, akakunja uso, akajibu kwa kutikisa kichwa tu. Nawe mwenye akili ukaaga. Methali hiyo ni somo zima la isimu: binadamu husema kwa ulimi, lakini husema pia kwa mikono, macho na nyusi.

Siku hizi twaambiwa kuwa tarakilishi nazo zimejifunza kutambua ishara. Kazi hiyo haikuanza jana. Mwaka wa 1980, Richard Bolt wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Marekani, alieleza mfumo ulioelewa mtu akinyoosha mkono na kuagiza, "Weka hicho pale." Leo hata simu ya mkononi, ikiwa na programu ifaayo, huweza kufuatilia nukta 21 za kiganja na vidole. Siubezi ufanisi huo. Hata hivyo, kuuona mkono ni jambo moja, kuielewa ishara ni jingine.

Siku moja darasani, mwanafunzi wangu alitueleza kimo cha mdogo wake huku ameulaza mkono, kiganja kikielekea chini. Baadhi ya wenzake waliangua kicheko. Kwao, hicho ni kipimo cha mbuzi; kimo cha mtoto huonyeshwa kwa vidole vilivyoelekezwa juu. Kamera ingaliupima urefu ule barabara, lakini tusi isingaliliona.

Kwa viziwi, suala hili si la kicheko. Kifungu cha 120 cha Katiba ya 2010 kinaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Ni lugha kamili yenye sarufi, na sehemu ya sarufi hiyo imo usoni. Mashine inayotazama vidole pekee husoma nusu ya sentensi. Na iliyofunzwa kwa ishara za Wamarekani itamfaaje mtoto kiziwi wa Kenya, ilhali lugha hizo ni mbili tofauti? Je, tutamnyima mwalimu anayeijua lugha yake kwa kisingizio kuwa mashine ipo?

Rai yangu kwa walimu na wanafunzi ni hii: tuzikusanye ishara zetu, tuzieleze na kuzihifadhi, viziwi wenyewe wakiongoza kazi inayohusu lugha yao. Tukizembea, tutafasiriwa na wasiotujua.