Salamu Isikatwe

Mwaka 2010, nikiishi Thika na kufanya kazi Ruiru, nilinunua simu ya Nokia E75, iliyoingia sokoni mwaka 2009. Mbele ilikuwa na vitufe vya nambari kama nyingine. Ukiivuta kwa ubavu, kilitokeza kibao kizima, kila herufi na kitufe chake. Nikiwa ndani ya matatu nikamwandikia mamangu, Mombasa, “Assalamu alaikum” kamili. Hapo awali nikimwandikia “A.A.” tu. Akajibu: “Leo umenisalimu kama mtu.”

Maneno hayo yalinichoma. Kwa kweli vitufe vya nambari vilitaabisha: s ilitaka kubonyezwa mara nne, x mara mbili. Ndipo vijana wakaandika “xaxa” badala ya “sasa”, wakabonyeza mara sita badala ya kumi. Tena ujumbe mmoja ulichukua herufi 160 tu.

Udhuru huo umekwisha. Simu za leo za kugusa kioo zina kila herufi, lakini “A.A.” bado twawatumia hata wazazi. Ndugu zangu, salamu ni dua. Yafaa tuiandike kamili, na mwenye kusalimiwa aijibu kamili.