Ujerumani: Msomi wa kigeni anapokelewa, kubaki ndiyo shughuli

Kupata nafasi ya utafiti Ujerumani ni hatua moja, kubaki ni nyingine. Sheria ya mwaka 2007 inaruhusu vyuo vikuu kumpa mtafiti mikataba ya muda hadi miaka 6 kabla ya PhD na 6 baada yake. Zikiisha, asiyepata uprofesa mara nyingi hujikuta nje.

Mwaka 2021 Wajerumani wenyewe walilalamika mtandaoni kwa hashtegi #IchBinHanna. Mgeni anabanwa zaidi: mkataba ukiisha, kibali cha kuishi nacho kinaingia shakani.

Mpango wa Philipp Schwartz, ulioanza 2016, unafadhili watafiti waliokimbia hatari kwao. Unasaidia sana, ila nao una kikomo.

Ufadhili pekee hautoshi. Mgeni anahitaji Kijerumani cha kufundishia, mtu wa kumwelekeza mapema, na ajira ya kudumu.