Mtoto Haji Darasa la Kwanza Mtupu

Shule zikifunguliwa Januari, kuanzia Masasi mjini hadi vijiji vya Newala juu ya uwanda wa Makonde, utaisikia kauli ile ile: hawa tulioletewa mwaka huu hawajui kitu. Imezoeleka mno, hata hakuna anayeuliza imepimwa vipi. Haijapimwa. Mwalimu kasimama mbele ya watoto lukuki, kauliza swali kwa Kiswahili, wamenyamaza, basi. Ukimya umeshahesabiwa kuwa ujinga.

Mmoja wa watoto hao hao mtazame Novemba, msimu wa korosho. Amechuchumaa chini ya mkorosho, anachomoa korosho kwenye bibo, nzima anaweka huku, zilizosinyaa kule. Zikianikwa, anachukua moja, anaitikisa sikioni, anakwambia kama imekauka. Kwenye maji anajua dumu la lita 5 ni lake na la lita 20 ni la dada. Nyumbani wanasema Kimakonde, na upande wa Masasi huenda ni Kimakua au Kiyao. Tena amelelewa kunyamaza mbele ya mkubwa asiyemjua, na hiyo ndiyo adabu aliyofunzwa. Anapanga, analinganisha, anakadiria. Shule haijawahi kumuuliza lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo nataka watoto wote wapimwe wiki za mwanzo za darasa la kwanza. Mzazi akisikia kupimwa anawaza mtihani na aibu ya kushika mkia, na simlaumu. Nchi hii imepima watu ili iwapange foleni kwa miaka mingi. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023 tu.

Ninachokidai ni kitu kingine. Mwalimu mmoja, mtoto mmoja, dakika kumi, korosho kumi mezani. Nipe nne. Ukiniongezea mbili, zinakuwa ngapi? Nisimulie ulivyokuja shuleni leo. Shika kitabu hiki, nionyeshe tunaanzia wapi. Jibu la Kimakonde lipokelewe sawa na la Kiswahili, na mwalimu aliyetoka Kagera au Mara amwite mwenzake mwenyeji au mzazi amsaidie kuelewa. Kusiwe na maksi, wala mtoto asirudishwe nyumbani. Kinachoandikwa ni anachokiweza, ili kesho mwalimu ajue aanzie wapi.

Nitaambiwa madarasa yamefurika tangu elimu bila ada ianze 2016. Ni kweli. Lakini watoto 100 kwa dakika kumi ni dakika 1,000. Ukizigawa kwa siku 20 za shule, ni dakika 50 kwa siku. Kazi ni nzito, na inahitaji mtu wa pili wa kukaa na wale wengine. Uzito huo haulingani na wa kumfundisha mtoto miaka miwili bila kujua alikuja na nini, hadi upimaji wa kusoma, kuandika na kuhesabu (KKK) wa darasa la pili umkute amekwama.

Uingereza ilianza rasmi Septemba 2021 kupima kila mtoto anayeanza shule za serikali za England, mmoja mmoja, ndani ya wiki sita za kwanza. Ila alama zenyewe hazimfikii mwalimu. Zinahifadhiwa hadi mtoto amalize msingi, zitumike kuipima shule. Hapo tusiwaige. Mwenye haja ya kujua ni mwalimu aliye na mtoto asubuhi ile.

Tena watoto wetu hawaanzii mahali pamoja. Sera ya Elimu ya 2014 ilifanya mwaka mmoja wa awali kuwa lazima, na bado wako wanaoingia darasa la kwanza bila kuupitia. Matokeo ya darasa la saba yakitoka mabaya, tunasema watu wa Kusini hawapendi shule, tunalaumu unyago, tunalaumu korosho. Huo ni uonevu. Masasi ina shule za misheni tangu karne ya 19. Hatuna haki ya kuiita shule mbovu, wala mtoto mzito, kabla ya kujua alianzia wapi.

Halmashauri za Masasi na Newala zisingoje Dodoma. Chuo cha Ualimu Kitangali kiko Newala; wanachuo wake wafundishwe kupima namna hii, waanze na shule chache Januari ijayo. Karatasi moja kwa kila mtoto, ikae kwa mwalimu wa darasa, na mzazi akija asomewe.