Kinga na Mawe ya Nyiragongo

Mwezi huu tuseme juu ya kinga, ile wengine wanaita baiskeli.

Kanyaruchinya iko kwa barabara ya Goma kwenda Rutshuru, chini ya mlima Nyiragongo. Mawe yake ni makali kama chupa iliyovunjika. Mwaka 2002 moto wa mlima ulishuka hadi ndani ya Goma. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 ukakata barabara ile ya Rutshuru. Ukipoa, ni mawe meusi. Ndiyo maana wengi kule wanapenda chukudu: gurudumu lake la mti limevikwa kipande cha mpira wa gari, halina pumzi ya kutoka. Lakini mwenye kinga afanye namna gani?

Wengi wanabandika kiraka na kuenda zao. Kisha kilometa mbili, pumzi imetoka tena! Kabla ya kubandika, uliza kwanza: tundu hili limetoka wapi?

Toa shambreri, tia pumzi kidogo, izamishe ndani ya beseni la maji. Pale povu linapotoka, weka alama. Kisha ilaze juu ya pine namna ilivyokuwa, utazame.

Tundu moja upande wa nje: ni mwiba, msumari ao jiwe. Pitisha kitambaa ndani ya pine. Kitu hicho kitakamata nyuzi. Usipokitoa, kitatoboa tena.

Matundu mawili pamoja, kama meno ya nyoka: mzigo ulikuwa mzito na pumzi kidogo, janti ikabana shambreri juu ya jiwe.

Tundu upande wa ndani: ni kichwa cha spoki. Zungusha utepe wa mpira juu ya janti.

Pale kwa mdomo wa pumzi: kiraka hakishiki, badilisha shambreri.

Wakati wa kubandika, kwaruza vizuri, paka kole, ngoja ikauke kama dakika tano, ndipo ukandamize. Mwenye haraka anabandika ikiwa maji, na kiraka kinatoka. Pine ikichanika, weka ndani kipande cha pine ya zamani.

Mwaka 2022, watu walipokimbia vita toka Rutshuru na kujaa Kanyaruchinya, kinga nyingi zilibeba godoro, sufuria na mtoto juu. Siku ya namna hiyo haingojee fundi.

Na ninyi wa machimbo mnaobeba magunia, sikieni: bonyezeni pine kwa kidole gumba mkiisha kupakia, siyo mbele. Ikilala, ongezeni pumzi. Na pumzi ikiisha njiani, shusheni mzigo, msukume. Ukipanda juu ya pine tupu, utanunua shambreri, pine na janti pamoja, na pesa ya unga ya watoto itaishia kwa fundi.